Gita Lililokula Ng'ombe

Asiniambie mtu kwamba kizuri chajiuza. Kizuri nilikinunua mimi, Abner, kwa ng'ombe mzima, mwaka wa sabini na nne, na kikanivua nguo mbele ya watu wa Kisii. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Lakini hebu sikilizeni kwanza, halafu mniambie kama nyinyi mngecheka.

Magita yalikuwa mawili, yote ya umeme, yote mekundu, umbo moja. Ukisimama mlangoni mwa ukumbi ambamo bendi yetu ilipiga dansi, huwezi kujua lipi ni lipi. La bei nafuu lilitengenezwa Japani kwa kuigiza lile la bei ghali, na la bei ghali lilitoka Marekani.

Lile la Kijapani nililinunua mwaka wa sabini, na lilinitesa. Lilikuwa la mbao za kubandikwa, jepesi, ukiligonga linalia kama sanduku la sabuni. Unakaza nyuzi, unapiga nyimbo mbili, zimelegea. Ukilishika na viatu vimelowa, unapigwa shoti mpaka meno yanagongana. Mwaka uliofuata, kile kipande kidogo cha plastiki kinachobeba nyuzi karibu na kichwa kikavunjika. Mtu mwenye akili angeagiza kingine. Mimi nikaenda kwa Ombui, mchongaji wa Tabaka, akanichongea kingine kwa jiwe la sabuni, jiwe lile lile wanalochongea viboko vya kuwauzia wazungu.

Kikapendeza kweli. Lakini jiwe la Tabaka hata kisu cha jikoni kinalikata, sembuse waya wa chuma? Nyuzi zikalila kidogo kidogo, zikazama. Baada ya miaka mitatu zile nene zikawa zinagusa vyuma vya shingoni. Ukiuacha uzi bila kuubana kwa kidole, haulii sawasawa, unanguruma. Niliona aibu! Kila Jumapili kabla ya dansi nilichomeka kijikaratasi cha sigara chini ya nyuzi kupunguza ule mngurumo, na kila Jumapili kikaruka nje tukiwa wimbo wa pili.

Basi nikaenda Nyamira kwa dada yangu, Nyamoita, nikamwomba ng'ombe.

Kwetu, ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka anaooa nao. Baba alikuwa ameshafariki, na ng'ombe wa Nyamoita walikuwa bomani wananingoja mimi nipate mke. Kwa hiyo walikuwa wangu, lakini walikuja kwa ajili yake, na huwezi kumgusa mmoja bila kumwambia. Nilitaka kumuuza yule mtamba mwekundu ninunue gita la maana. Nilijua gita lile likinguruma hivyo hakuna atakayekubali kunirekodi.

Nyamoita alikuwa anachuma majani chai. Hakuacha kuchuma.

"Ukweni kwangu wananiuliza kila siku ndugu yangu anaoa lini," akasema. "Mama mkwe anasema ng'ombe wao wanazeeka bure kwetu. Sasa nikawaambie umeuza mmoja ununue ubao?"

"Si ubao, dada. Nitarekodi santuri."

Akatupa majani kikapuni, akanitazama. "Haya, uza. Lakini nataka kumsikia huyo ng'ombe kwenye santuri. Siku hiyo nitamleta mama mkwe, nimwambie asikilize mwenyewe. Nisipomsikia, Abner, usije kwangu kuomba hata maji."

Nikamuuza. Nikapanda basi mpaka Nairobi, nikarudi na Mmarekani.

Niseme kweli, lilikuwa gita. Lilikuwa zito mpaka mkanda uliniachia alama begani. Kipande cha kubebea nyuzi kilikuwa cha mfupa. Ukilipanga sauti Jumamosi jua likishazama na Sabato ya mama imekwisha, Jumapili jioni bado liko pale pale. Kila uzi ulitoa sauti yake, safi, bila mkwaruzo. Lile la Kijapani nikampa Okeyo, aliyekuwa akinipigia rizimu, yaani gita la nyuma la kusindikiza solo yangu, kwa gita la kuazima. Okeyo alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwani, fundi cherehani hapa mjini, mpole mpaka anaudhi.

Jumapili ya kwanza nikaanza na wimbo wetu mkubwa. Wimbo huo niliutoa kwenye obokano ya baba, kile kinanda chetu cha nyuzi nane kinachonguruma tumboni mwako kabla hakijafika masikioni. Kwa kawaida nikiugusa tu ukumbi mzima unasimama. Siku hiyo waliosimama wakakaa. Wakanitazama kama watu wanaosikiliza matangazo ya vifo.

Kemuma, mama muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili, mteja wetu wa kila wiki, akapaza sauti kutoka nyuma: "Abner! Gita lako limekunywa dawa ya kikohozi?"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Turudishieni lile lenye mafua!"

Nilidhani ni utani wa siku moja. Wapi! Jumapili tatu mfululizo, hali ile ile. Okeyo akipapasa nyuzi zake nene kwenye rizimu, makofi. Mimi nikipiga solo safi kama maji ya chemchemi, watu wanaenda kununua soda. Nililia kwa hasira, nyinyi, mtu mzima, nyuma ya choo cha ukumbi.

"Mwalimu wetu alikuwa akisema usiache mbachao kwa msala upitao," Okeyo akaniambia, akidhani ananifariji.

"Na wangu alisema funga mdomo," nikamjibu.

Hapo ndipo tukapata habari kwamba Bwana Andrew, mrekodi wa Kisumu, angekuja Kisii na mashine yake ya tepu. Bendi yetu angeirekodia wimbo mmoja tu, na aliutaka huo wa obokano. Nikahesabu siku, zilikuwa tisa. Nikawaza usiku na mchana, nikapata jawabu, na jawabu lenyewe ndilo lililonimaliza. Kama watu wanataka mngurumo, basi Mmarekani naye atawekewa jiwe la Tabaka.

Ombui aliligeuza geuza gita mikononi, akalipenda. Aliponisikia nataka nini, akatikisa kichwa.

"Jiwe nitakuchongea," akasema. "Lakini lile la kwanza, mifereji yake haikuchimbwa na mimi. Ilichimbwa na nyuzi zako kwa miaka mitatu. Miaka mitatu mimi siwezi kuichonga kwa tupa."

"Chonga tu."

"Nitaharibu kitu cha watu."

"Ni changu! Nimekilipia ng'ombe!"

Akang'oa kile kipande cha mfupa, kikavunjika vipande viwili. Akaweka jiwe, akakata mifereji kidogo, kwa adabu. Nikajaribu. Safi, hakuna mngurumo. Nikamwambia aongeze, akaongeza unywele mmoja. Bado. Nikamnyang'anya tupa. Nilikereza mara nne tu, Mungu ni shahidi, mara nne, na nyuzi zikalala juu ya chuma. Nikapiga. Tak. Nikapiga uzi wa pili. Tak. Zilikuwa zimekufa. Ukizibana kwa vidole zinalia, ukiziacha wazi, tak, na wimbo wa baba nusu yake ni nyuzi zilizoachwa wazi.

Ombui akapangusa vumbi la jiwe kwenye magoti yake. Angesema neno ningempiga.

Jiwe la pili angechonga kesho yake, lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya Bwana Andrew. Nilikuwa nimepoteza siku nane nikifikiri.

Asubuhi hiyo Andrew alitundika kipaza sauti chake kimoja katikati ya ukumbi, akaniweka mimi mbele, wengine nyuma. Nikaanza. Tak, tak. Akasimamisha mashine.

"Gita hili lina nini?"

"Halina kitu," nikasema.

Okeyo akanisogelea, akavua mkanda wake begani. Alinong'ona, lakini kila mtu alisikia. "Chukua hili, ndugu yangu. Ni lako tangu mwanzo. Piga, mimi nitashika hilo."

Ningelichukua. Mkono ulikuwa umeshaanza kwenda, nawaapia. Halafu nikamwona Kemuma dirishani na kikapu chake cha ndizi, anatabasamu, na mwili mzima ukawaka. Ng'ombe mzima nimemuuza, halafu nirudi kuramba takataka niliyoitupa mwenyewe, na Kemuma anaangalia?

"Sishiki hilo," nikasema. "Lirudishe begani."

"Abner..."

"Sishiki, nimesema!"

Andrew akatazama saa yake. "Sina siku nzima. Wewe mwenye hilo la Kijapani, solo unaijua?"

Okeyo alinitazama mimi.

"Anaijua," nikasema, kwa kiburi, kama mtu anayempa mwenzake sadaka.

Basi Okeyo akasimama mbele ya kipaza sauti, mimi nikasimama nyuma karibu na ukuta, nikipiga rizimu kwa kubana nyuzi zote. Akaanza. Uzi mnene ukanguruma, na nikamsikia baba amekaa kwenye kigoda chake na obokano mapajani. Nilimsikia kabisa. Miaka mitatu nilikuwa nimeishika sauti ile mkononi, na kila Jumapili nilikuwa naiziba kwa karatasi ya sigara. Nilitaka kulivunjilia mbali lile gita kichwani mwa Okeyo, na nilitaka asiache kupiga.

Santuri ikatoka baada ya miezi miwili. Ilipigwa kila mahali. Nyamoita akaja mjini siku ya soko, amevaa viatu, na mama mkwe wake nyuma, tukaingia duka la santuri pale Daraja Mbili. Okeyo alikuwapo, amekuja kununua uzi wa cherehani duka la jirani, akatufuata ndani. Mwenye duka akaweka sahani.

Gita lilipoanza, Nyamoita akashika mkono wa mama mkwe wake. "Umesikia?" akasema kwa Kikisii, machozi yanamlengalenga. "Ni mkono wa baba huo. Ndugu yangu huyo! Ng'ombe wenu huyo, mama, analia hapo!"

Yule mama mkwe, ambaye sijapata kumwona akicheka, akaanza kutikisa mabega akifuata wimbo.

Ningenyamaza. Okeyo mwenyewe alinifinya mkono ninyamaze. Lakini kila Nyamoita alipolisifu gita lile nilihisi kama ananichoma, na mimi sijui kuvumilia.

"Si mimi!" nikafoka. "Anayepiga solo ni Okeyo, kwa lile gita bovu. Mimi ni lile la nyuma."

Mama mkwe akaacha kutikisa mabega. Nyamoita hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Akamgeukia mwenye duka kwa upole, akamwomba aweke tena, kisha akainama, akasogeza sikio karibu na spika.

"La nyuma lipi?"

"Linalokwenda chaka, chaka, chaka."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba iwekwe mara ya tatu. Safari hii akafumba macho, akaziba sikio la pili kwa kiganja, na duka zima likanyamaza kumsaidia.

"Ng'ombe simsikii," akasema.

Sahani ikaendelea kuzunguka. Akanyoosha mgongo, akanitazama usoni, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza njia.

"Wewe unamsikia?"

Nilisikiliza. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote.

"Hata mimi simsikii, dada," nikasema.