Chini ya Kichanja cha Mama Ruti

Dina alitoka Tunduma kwenda kijiji cha Ruanda kupumzika, na asubuhi ya kwanza tu alikuwa ameshika chupa ya maziwa akimnywesha ndama. Mama Ruti, mjane mwenye shamba, alijenga kijumba cha wageni katikati ya kahawa yake, akakipaka rangi ya samawati, akaweka sharti moja: anayefika kwake anashika kazi, hata awe mchungaji wa kanisa. Wengine huchuma kahawa, wengine huichambua. Dina, ambaye mwaka mzima huuza vitenge mpakani na kubishana na Wazambia mpaka sauti inakauka, alipewa ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Akamwita Sukari, na tangu hapo akawa haambiliki.

Mumewe, Alinanuswe, alikuwa na maoni yake kuhusu likizo. Yeye alilala.

Mama Ruti alimwonya Dina asimzoee mno yule ndama, maana ameshauzwa, na mnunuzi angekuja Jumamosi. Dina akanuna. Alijua ni upuuzi, mtu mzima na biashara zake kununa kwa sababu ya ng'ombe, lakini alinuna kweli kweli.

Hapa kuna jambo inafaa ulijue mapema, usije ukadhani watu hawa wamerukwa na akili. Katika ukoo wa Alinanuswe, huko milimani Isongole, mke wa mtoto haonani na baba mkwe mpaka mzee mwenyewe amfungulie kwa kumkabidhi mfugo. Akisikia kikohozi chake anapinda njia, na jina lake halitamki. (Anaitwa Jonasi. Sisi tunaweza kulitamka, hatukuolewa kwao.) Wenzake wengi hufunguliwa mapema, tena kwa kuku tu, maisha yakaendelea. Dina alikuwa na mwaka wa tatu wa ndoa bila kufunguliwa. Mzee akipiga simu humsalimia mwanawe, humwambia amsalimie mwenzake, basi. Misiba imepita, harusi zimepita, nyumbani kwa wakwe Dina hajakanyaga. Alikwisha kujijibu moyoni: mzee hanitaki, ananiona mwanamke wa mpakani mwenye maneno mengi. Na jibu hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mumewe. Tena kukutana ovyo kabla ya kufunguliwa ni kosa zito, mzee akikasirika anaweza asikufungulie kabisa.

Jumamosi hiyo Dina alikuwa kwenye kichanja cha kuanikia, pekupeku, amevaa suruali ya mumewe, anageuza kahawa kwa reki. Getini mtu akakohoa. Kikohozi kile alikijua, kwa sababu kila simu ya Isongole ilianza nacho.

Hakufikiri mara mbili. Alitupa reki, akazama chini ya kichanja na kuteremsha turubai.

Mama Ruti alitoka jikoni, asijue mnunuzi wake na wageni wake ni watu wa nyumba moja. Akampokea mzee vizuri, akampa pole ya safari, na kwa kuwa sharti ni sharti, akamwekea kigoda pale pale kichanjani achambue kahawa wakati chai inachemka. Viatu vya mzee vikatua shubiri moja kutoka puani kwa Dina. Vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa.

Dina akabana pumzi. Alitegemea atashikwa na hofu, kumbe kilichomshika ni kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, akaking'ata kwa mkono wa sweta. Kila alipoviangalia vile viatu kilirudi upya.

Juu yake mzee aliuliza maswali ya mnunuzi: ndama anakula vizuri, ana adabu, hapigi mateke? Mama Ruti akasema ni mpole mno, kuna mgeni amemdekeza. Akauliza ni wa kufuga au wa zawadi.

"Wa zawadi," mzee akasema. Kahawa ikachambuliwa kidogo. "Nampelekea mtu ninayemwogopa."

Mama Ruti akaangua kicheko, akataka kujua ni mtu gani wa kumwogopesha mzee mzima.

"Mke wa mwanangu. Ningemfungulia zamani kwa kuku. Lakini ni mtu wa Tunduma yule, anajua thamani ya vitu. Nikasema nikimpa kuku atanicheka. Ndiyo maana nimehangaika kutafuta ndama jike mzuri, miaka ikakimbia."

Chini ya turubai Dina alisahau kung'ata sweta. Furaha ilimjia ghafla mpaka masikio yakawaka moto. Na wakati huo huo Sukari, aliyekuwa akimtafuta mtu wa chupa yake, akachomeka kichwa chini ya kichanja na kumlamba sikio.

Kicheko kikatoka chote.

"Nani yuko huku?" mzee akauliza.

"Ndiye huyo mgeni wangu," Mama Ruti akasema, akishangaa naye. "Wa Tunduma. Mke wa Alinanuswe."

Hapo hapo mzee na Dina wakakimbia. Mzee alijifunika uso kwa kofia na kwenda moja kwa moja ndani ya mibuni. Dina alitoka na turubai kichwani, haoni mbele, akatumbukia kwenye tangi la kuvundikia kahawa. Halikuwa na kina kirefu, lakini kahawa iliyokobolewa ina utelezi wa ajabu. Kila alipopanda aliteleza akarudi chini, na kila aliporudi alicheka zaidi, mpaka nguvu za kupanda zikamwishia.

Mzee akarudi. Alirudi kinyumenyume, kofia usoni, ameshika reki kwa nyuma, Mama Ruti akimwelekeza kulia na kushoto. Dina akaishika reki, mzee akavuta huku uso wake umeelekea milimani. Alipomtoa aliomba aletewe ndama, akaichukua kamba na kuinyoosha nyuma ya mgongo.

"Mwanangu," akasema, "nilitaka nikukabidhi nyumbani, watu wameketi, nimevaa suti. Basi pokea hapa hapa."

Dina akapiga magoti kwenye matope, akaipokea kamba kwa mikono miwili.

"Asante, baba."

"Nigeuke?"

"Geuka, baba."

Mzee akageuka, akavua kofia. Aliona mwanamke mwenye suruali ya kiume, maganda ya kahawa kwenye nywele, machozi yakishuka. Akatamani kukaza uso kama baba mkwe anavyopaswa, akashindwa, akacheka yeye kwanza.

Hapo ndipo Alinanuswe alipotoka, mswaki mdomoni na taulo begani. Alipowaona uso kwa uso alikimbia na hilo taulo akamfunika mkewe kichwa kizima, na ikawachukua muda kumwelewesha.

Mzee aliwaambia likizo ikiisha wasirudi Tunduma kabla ya kupita Isongole, maana mama yao anamngoja Dina jikoni tangu siku ya harusi. Dina akakaa ukingoni mwa tangi akalia waziwazi, bila aibu.

Kisha Mama Ruti akawakumbusha kwamba nusu ya kichanja haijachambuliwa. Wakakaa, mzee upande huu, mkwewe upande ule, Sukari amefungwa katikati. Mzee alikuwa na masikio yale yale ya Alinanuswe. Dina aliinua macho kumtazama mara nyingi kuliko kahawa ilivyohitaji.