Majani Niliyoyachuma

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa tangawizi kwenye kilima chetu cha Igoji, na hakuna aliyeniajiri. Kazi nilijipa mwenyewe, kwa sababu ya mdomo. Mtu akipanda vibaya nilimwambia hapo hapo, awe mzee, awe mchungaji. Ndiyo maana Lenah, mjane mwenye kishamba chini ya changu, alikuja kwangu alipoamua kupanda.

Alikuwa na haraka. Shemeji yake Muthamia alikitaka kile kipande apande makadamia, na wazee wa ukoo walikuwa wamempa Lenah msimu mmoja tu. Shamba likizaa, abaki. Likimshinda, arudi kwao Kiritiri. Nikampa mbegu, nikamwonyesha kupiga matuta ya kukinga mteremko. Kila nilichofanya, naye alifanya, hata namna ya kushika jembe.

Mwezi wa kumi nikaona majani ya manjano kwenye mistari ya chini ya shamba langu, inayopakana na la Lenah. Nilishika shina moja, likanijia mkononi bila kuvutwa, limeoza chini na linanuka. Niliujua ugonjwa huo. Lingekuwa shamba la mwingine ningepiga kelele: ng'oa, choma, chimba mtaro wa kugeuza maji kabla ya mvua, kwa sababu uozo huu hushuka na maji.

Lakini lilikuwa langu. Kikundi kizima cha wakulima wa kilima chetu kingekuja kumtazama mwalimu akichoma tangawizi yake. Niliona aibu, aibu ya kijinga, iliyojaa kiburi. Basi kila asubuhi nikawa napita kwenye mistari, nachuma majani ya manjano na kuyaficha kwenye aproni, ili shamba lionekane kijani. Nilijiambia nitang'oa Jumamosi. Zikapita Jumamosi mbili.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Maji yaliruka matuta yangu yakaingia kwa Lenah.

Wiki tatu baadaye akaniita. Shamba lake lote lilikuwa limelala chini.

"Kananu, hii ni nini sasa? Na nimekuwa nikitoa hayo majani ya yellow kila asubuhi, vile wewe hufanya. Sijaruka hata siku moja."

"Nani alikwambia uyatoe?"

"Si nilikuwa nakuona kutoka hapa chini? Yalianza kwa laini mbili tu, hapo juu. Nilitaka kukuuliza, halafu nikasema, aah, Kananu ako busy, na dawa nimeshaiona."

Mistari miwili. Angeniuliza siku hiyo, mengine yote yangepona. Nilitazama mikono yake yenye matope nikatamani ardhi inimeze. Mdomo wangu, ambao haujawahi kumstahi mtu, ulinisaliti hapo.

"Labda ni mbolea," nikasema. "Uliweka ikiwa mbichi."

"Woi," akasema Lenah. "Ni mimi basi."

Wazee walikuja Alhamisi, Muthamia akiwa mbele na kamba ya kupimia. Lenah hakulia. Aliwaambia hakuna wa kulaumiwa, kwamba mimi nilimfundisha vizuri, ni yeye aliyeharakisha mbolea. Mzee Mwongera, ambaye tangu mwanzo hakupenda Lenah aondolewe, akanigeukia.

"Kananu, wewe ndiye unajua hii mmea. Kama ni ugonjwa umetoka kwingine, useme. Tutamuongeza msimu. Kama ni makosa yake, hatuna la kufanya. Ni kweli ni mbolea?"

Kutoka pale tuliposimama shamba langu lilionekana lote. Nilikuwa nimelichuma asubuhi hiyo, na lilikuwa kijani.

"Ni kweli," nikasema.

Muthamia akaanza kukunjua kamba. Lenah akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuacha kazi zangu nikaja kusimama naye.