Shida ya Kwanza ya Yakubu

"Mguu," Yakubu alisema. "Mama... mguu."

Mama Cécilia aliandika: maumivu. Aliandika polepole, kwa herufi za mviringo, kwenye karatasi ambayo haikutakiwa kuwa na hata alama moja ya kufutwa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na robo saa ya mtihani wake ilikuwa imekwisha kupita. Ndani ya saa moja alipaswa kumhoji mgonjwa, kumpima, kutaja shida zake zote, kisha kuzipanga: ipi ianze, ipi ifuate, ipi isubiri.

Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepiga deki katika wadi hiihii ya hospitali ndogo kwenye barabara ya Kabambare, kabla ya kuketi darasa moja na wasichana wa umri wa binti zake na kujifunza uuguzi. Mwaka uliopita alianguka katika mtihani huu. Aliandika shida tisa za mgonjwa, zote za kweli, akashindwa kuamua ianze ipi. "Umeyaona yote, Mama Cécilia," mwalimu wake Gérard alimwambia siku ile. "Lakini muuguzi ana mikono miwili tu."

Safari hii alikuwa amejiamulia: mgonjwa analia nini? Hicho kitangulie.

Yakubu alikuwa mchimba dhahabu wa Salamabila. Ukuta wa shimo ulimwangukia juzi. Wenzake walimchimbua, wakamweka kwenye pikipiki katikati ya dereva na Faridah, mke wa Yakubu, wakamwachia Mungu na barabara. Walifika alfajiri, mguu ukafungwa vibao. Sasa Faridah alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kikombe cha uji ambao mumewe alikuwa hajauonja.

"Ulianguka ama udongo ulikuangukia?"

"Udongo... ndiyo ilishuka... juu yangu."

Kalamu ikasimama. Miaka yote ile, akiwa ameinama na kitambaa chake cha deki mahali ambapo hakuna anayemtazama, Mama Cécilia alikuwa amewasikia wagonjwa wengi. Mtu anayeumwa huguna, hulitafuna neno kwa meno. Huyu hakuwa akitafuna maneno. Yalikuwa yanamwishia.

"Faridah, bwana yako anaongeaga hivi?"

"Hapana, mama. Huyu ni mutu wa maneno mingi. Kwa njia aliongea mpaka dereva akachoka. Ni tangu asubuhi tu, iko nakata-kata maneno."

Mama Cécilia aliweka karatasi chini. Alifungua shati la Yakubu, akalaza kiganja kimoja kila upande wa kifua. Mkono mmoja ulipanda na kushuka. Mwingine, uliokuwa upande wa kushoto, ulibaki palepale. Akahesabu pumzi: thelathini na sita kwa dakika.

Mtahiniwa akitoka chumbani, saa yake haisimami. Alilijua hilo vizuri.

"Keti nyuma yake," alimwambia Faridah. "Akuegemee. Usimuache alale."

Kisha akatoka mbio, viatu vikipiga sakafu aliyoisugua miaka kumi na mmoja. Mlangoni alikutana na Gérard, orodha ya watahiniwa mkononi.

"Mama Cécilia! Mtihani!"

"Mutu anakosa pumzi, mwalimu. Dokta iko wapi?"

Daktari alipitisha mrija kati ya mbavu, na damu iliyokuwa imelibana pafu ikaanza kushuka ndani ya chupa chini ya kitanda. Mama Cécilia aliushika mkono wa Yakubu juu wakati wote, akimwambia kila kinachofanyika kabla hakijafanyika. Midomo ya Yakubu ilianza kurudia rangi yake. Pumzi thelathini. Ishirini na nne.

Daktari alipoondoka, Gérard aliiokota karatasi sakafuni. Uji ulikuwa umemwagikia pembeni.

"Muda umekwisha zamani," alisema. "Na umeandika neno moja."

"Na lenyewe si la kwanza," Mama Cécilia akajibu. "Naomba."

Aliichukua, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya neno maumivu. Akaandika: kupumua. Chini yake akayarudisha maumivu.

Gérard alitazama ule mstari. "Wakubwa wa ekzame, hao wanaosahihisha mtihani, watauliza kwa nini karatasi ni chafu."

"Waje wamuulize Yakubu."

Mwalimu hakucheka, ila hakuichukua karatasi. "Na ya tatu?"

Mama Cécilia alitaka kusema maambukizi, kama kitabu kinavyosema. Badala yake akainama kitandani. "Yakubu, baba, mbona hufungi macho? Umechoka."

"Nikifunga macho, mama, udongo iko nashuka tena. Hapa kwa kona iko giza kama kule ndani."

Faridah akageuza uso. Mama Cécilia akaipima wadi kwa macho, kisha akashika chuma cha kitanda upande wa kichwa.

"Ya tatu ni hii giza, mwalimu. Shika kule. Chupa ibaki chini, isiinuke."

Gérard alikunja orodha yake akaitia mfukoni. Wakaanza kusukuma, taratibu, Faridah akitembea kando ameinama na ile chupa, mpaka kitanda kikafika chini ya dirisha. Mama Cécilia akafungua mbao zake zote mbili, mwanga ukaingia. Nje, wanawake walikuwa wanapita na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, vichwani, wakiitana, na mmoja wao akageuka kuangalia ndani.