Tumbo la Juno

Kitendawili: kapanda mlima, hajashuka, na mlimani hayupo. Huyo ni kaka yangu Hobart Sluder, na zaidi ya jina lake jibu sina.

Alikuwa na bustani ya wanyama kando ya barabara ya kwendea Tennessee: nyani watatu, nyoka kwenye masanduku ya kioo, paka-mwitu mmoja, na dubu jike aitwaye Juno. Watalii walimnunulia soda, naye aliishika chupa mwenyewe akainywa kama mtu.

Jumanne moja ya Novemba paka-mwitu alitoroka. Hobart akachukua kamba na gunia, akapanda mlima wa nyuma kumfuata. Hivyo ndivyo alivyosema mkewe Arvella. Alhamisi, Hobart hajarudi, wakaja wanaume wa bondeni na mbwa na bunduki, pamoja na Coy Ledbetter, mkuu wetu wa polisi. Walikuja kupanda mlima. Ila Furman Gudger, mchinjaji, alipita penye kizimba cha Juno akaona beseni limejaa mkate wa mahindi na vichwa vya samaki, havijaguswa.

"Coy, hebu njoo. Huyu dubu hana njaa."

"Sasa?"

"Sasa kala nini?"

Wote wakamgeukia Arvella. Alikuwa mtu wa kuja, kaolewa kwetu Aprili ya mwaka ule ule.

"Bibie," Furman akamwambia, "mumeo ulimpakua na chumvi, au hivi hivi?"

Wakacheka.

"Wapumbavu nyie! Hobart yuko huko juu, labda kavunjika mguu, nanyi mnanusa beseni!"

"Mlima haukimbii," Coy akasema. "Tutangoja dubu aende haja. Kama kuna kifungo cha shati, tutakiona. Na wewe usivuke ua huu."

Wakakaa hapo, wanaume kumi na wanne wazima, wakimngoja dubu aende choo. Walikunywa kahawa, wakatema tumbaku. Mbwa walilala.

Arvella akanijia jikoni mwake, macho mekundu. "Wifi, wewe umekulia na dubu. Mbona hali? Anaumwa?"

Nilikuwa najua. Baba yetu alifuga dubu kabla ya Hobart, na kila mmoja wao, baridi ya Novemba ikiingia, hukipa chakula kisogo, hulala miezi mizima, na choo hukatika. Ni maneno machache tu, ningetoka kibarazani nikayasema. Lakini yule mwanamke alikuwa amelichukua blanketi la viraka alilolishona marehemu mama, kwa mkono, viraka mia tatu, akawatandikia nyani. Nikamwangalia, nikasema:

"Mimi nitajuaje? Mwenye nyumba si wewe?"

Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Juno hakwenda haja. Jumamosi mchana uvumilivu ukawaishia, Furman akampiga risasi ya sikio kupitia vyuma, kisha akampasua kwa kisu chake cha buchani.

Tumboni hamkuwa na kitu. Kiganja kimoja cha majani makavu.

Hakuna aliyemwomba Arvella radhi. Coy alisema, "Haya, twendeni mlimani," ndipo tukainua macho. Kilele kilikuwa kimeshakuwa cheupe kwa theluji. Mbwa walipelekwa, wakazunguka wakizama kifuani, wakarudishwa. Theluji ilianguka siku nne. Masika walipanda tena, hawakuona kamba wala gunia. Wengine wanasema Hobart alikimbilia Florida na mwanamke. Wengine mpaka leo, kanisani kabisa, wanamtaja Arvella kuwa ndiye aliyemuua, na mimi huwaambia wafunge midomo, nikiwa nimechelewa miaka hamsini.

Lakini Jumamosi ile, wanaume walipokuwa wakiita mbwa wao, Arvella alisimama karibu na Juno, mikono imening'inia.

"Ulijua, wifi?"

"Nilijua."

Akanitemea mate usoni. Akaingia ndani, akatoka amevaa buti za Hobart, kubwa kwake, akauvuka ua bila kumwangalia Coy, akaelekea mlimani. Nikamfuata mpaka kwenye uzio wa juu, nikimwita, theluji ikitupiga machoni. Akageuka, ameshika jiwe.

"Piga hatua moja tu," akasema. "Moja."

Nikarudi nyumbani.