Sista Koku Bado Yuko Kituoni

Jumatatu asubuhi kina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi la zahanati, upande wa Madale, na muuguzi Najat anafunga kamba za mzani wa watoto, Sista Kokushubila alipoingia. Alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani. Alinawa mikono kwa sabuni, akauliza koti lake limewekwa wapi.

"Liko kabatini, sista. Shikamoo."

"Marahaba. Maji yanatoka leo?"

"Yanatoka."

Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa Muleba, alikozikwa. Mama mmoja alivuta miguu ili apite.

Sista Koku alianguka akiwa kazini, mlangoni mwa chumba cha kujifungulia. Alikuwa na presha. Kila alipoomba likizo aliambiwa asubiri apatikane mtu wa kumshikia nafasi. Mtu huyo alipatikana baada ya mazishi, naye ni Najat, binti wa Mbagala aliyetoka chuoni moja kwa moja. Kina mama aliowahi kuwazalisha, aliwazalisha mikono ya mwalimu ikiwa juu ya mikono yake. Daktari Twalib, mkuu wa zahanati, alimwombea semina ya kuwahudumia watoto wachanga. Nafasi ile akapewa afisa wa magari wa ofisi ya juu, akarudi na mkoba mzuri.

Kwa hiyo Sista Koku alirudi kufundisha. Kliniki ikiisha, alikunja khanga ikawa mtoto, akaiweka mezani.

"Huyu hapumui. Unafanyaje?"

"Namkausha, halafu…"

"Unanihadithia mie? Mkaushe!"

Najat akakausha khanga. Aliambiwa arudie mpaka mabega yakamuuma. Mikono ya Sista Koku ilishika khanga, ikashika na kikombe cha chai, lakini ikifika kwa mtu aliye hai ilipita kama moshi. Jambo hilo lilimkera sana. Hata sindano ilibidi aelekeze tu kwa kidole.

Wiki chache baadaye Hamisa, mwenye duka la vitenge karibu na kituo cha bodaboda, aliletwa mchana uchungu umemshika. Daktari Twalib alikuwa mkutanoni mjini. Mtoto alitoka amelegea, rangi imembadilika, kimya.

Najat alimkausha, akamsugua mgongo. Kimya. Akakata kitovu, akamlaza mezani.

"Kichwa," Sista Koku alisema, amesimama begani kwake. "Usikikunje. Kama ananusa hewa. Hivyo."

Najat akaweka kinyago usoni pa mtoto, akabana kifuko cha hewa. Kifua hakikuinuka.

"Sista, nisaidie!"

"Ningekuwa na uwezo ningekusaidia kabla hujaniomba. Kinyago kimevuja pembeni. Kibane. Haya, tena."

Kifua kikainuka. Akabana, akaachia, akabana. Hatimaye mtoto akakunja uso kama mtu aliyeudhiwa, akalia. Najat naye akalia, huku anamfunika.

"Wallahi, asanteni nyote wawili," Hamisa alisema kutoka kitandani.

Kesho yake mumewe alileta chupa ya chai ya tangawizi na bagia, na vikombe viwili.

Habari zikafika ofisi ya juu. Bwana Valerian, anayeshughulikia mafunzo, alikuja mwenyewe. Alimwamkia Sista Koku, akampa pole ya safari, akauliza kama mvua zimenyesha Muleba. Kisha akamgeukia Daktari Twalib.

"Basi hapa hamna upungufu. Mna mwalimu wenu. Na yule muuguzi mliyemwomba, tutampeleka kwingine, maana nyie mko wawili."

"Lakini sista amekufa, bosi," Najat alisema.

"Naelewa, dada. Ila yuko kituoni."

Akawapongeza kwa moyo wao wa kujitolea, akaomba wapige picha ya pamoja. Kisha gari lake likaondoka.

Sista Koku alikuwa ameegemea ukuta. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Sista, nakushukuru," Najat alisema. "Mie chuo nilisoma, lakini kazi umenipa wewe. Nikimsikia yule mtoto wa Hamisa analia kule dukani, nakukumbuka."

"Unanikumbuka nini na mie nipo hapa?"

"Nakushukuru tu. Sasa njoo ulale."

"Na wagonjwa?"

"Nipo mie."

Alibisha kidogo, kwa mazoea. Kisha akajilaza kwenye kitanda cha mapumziko, ambacho alipokuwa hai hakuwahi kukilalia, akageukia ukutani. Punde akaanza kukoroma.

Najat akarudishia mlango taratibu. Kwenye benchi, mama mmoja aliyekuwa na uchungu alipiga kelele kwa nguvu. Najat akamshika mkono, akamwambia ajikaze aingie naye chumba cha pili, na wasemezane polepole, kuna mtu amelala.