Jumamosi ya Joviale na Baba Yake

Binti yangu anaitwa Joviale, yaani mchangamfu. Jina hilo tulimpa siku aliyozaliwa, kabla hatujafahamiana. Sasa ana miezi saba, na kwa miezi yote hiyo hajawahi kulala mchana ila mgongoni mwangu. Bibi yake amejaribu, majirani zetu wa mtaa wa Murara wamejaribu, na mtawa mmoja wa parokia alimrudisha upesi kuliko alivyompokea.

Jumatatu, ambayo huku tunaiita lundi, nilitakiwa kurudi kazini, kwenye duka la dawa, zamu ya asubuhi. Wenye duka walikuwa wamenivumilia vya kutosha, na nisipofika, nafasi yangu angepewa mwingine. Mume wangu, Namegabe, hufundisha mchana, kwa hiyo asubuhi ndiye angebaki na mtoto. Mimi sikuamini. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaianza kichwani, na iliniuma, maana kazi ile naipenda.

"Unanizarau, Mama Joviale," akaniambia. "Samedi tunaenda Lac Vert. Mutoto ni wangu siku yote. Weye utaangalia maji, usimuguse. Akilala kwangu, lundi unaenda kazi. Akikatala, andika barua yako."

Nikakubali twende ziwani Jumamosi. Mwanamume akiamua kujipalia makaa, mwache.

Tulipanda teksi. Barabara ya Sake ina lami laini, na Joviale alifungua mdomo kulia tulipotoka mjini asiufunge tena. Namegabe alimwimbia nyimbo za kwao Bukavu, akaja kwenye nyimbo za misa, mwisho akamsomea hesabu za kuzidisha kwa Kifaransa. Alipofika saba mara nane, dereva akaongeza sauti ya redio.

Tuliteremka, tukashika njia ya mawe iendayo ziwani. Namegabe alikuwa amemfunga mgongoni kwa kitenge changu, na haki yake nimpe, alifunga vizuri. Ila alikuwa akichagua pa kukanyaga, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na mtoto analia tu. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma alinitazama mimi, si yeye. Nilikunja mikono ili isinisaliti. Maziwa yalikuwa yameanza kulowesha blauzi.

Ndipo akaja mzee mmoja akisukuma chukudu yake, ule ubao mrefu wenye magurudumu mawili unaobeba magunia huku kwetu. Jina lake Sikuli. Siku hiyo hakuwa na mzigo ila magunia matupu. Akasimama, akamsikiliza Joviale kidogo.

"Papa, huyu mutoto anataka kutikisika," akamwambia mume wangu. "Weye unatembea polepole sana. Ikala hapa juu. Batoto bangu sita bote balilalaka ku chukudu."

"Muzee, hautatuangusha?"

"Nabebaka magunia tatu ya makala ya kupikia. Weye ni nini?"

Basi mwalimu, na shati lake jeupe lililopigwa pasi, akamhamishia mtoto kifuani, akakaa juu ya magunia. Sikuli akasukuma. Chukudu ikaruka, ikagonga, meno ya Namegabe nikayasikia yakigongana. Joviale akanyamaza. Hawajafika hata kwenye mikaratusi iliyokuwa mbele yetu, kichwa chake kilikuwa kimelala begani mwa baba yake.

Hapo nikaelewa. Kila siku nilikuwa nikienda naye bombani kuchota maji, juu ya mawe yaleyale ya volkano, mbiombio kwa sababu foleni ni ndefu. Nilidhani ni mgongo wangu. Mgongo huu nimejivunia mbele ya mawifi. Kumbe ni mawe, na Murara mawe hayakosekani.

Wakawa wanakwenda na kurudi. Mimi nikashuka hadi kwenye maji, nikakaa. Nilifurahi, sisemi uongo: Jumatatu ningesimama tena nyuma ya kaunta yangu, watu wananiita kwa jina langu. Lakini pia niliona wivu, nikamwonea wivu mume wangu na mawe pamoja, na machozi yakaja kabla sijayauliza yanakwenda wapi. Kwa miezi saba nilikuwa nimeomba robo saa bila mtu kunihitaji. Nilipoipata, sikuimaliza.

Nikainuka, nikawafuata. Niliwakuta kwenye mteremko, Sikuli akishikilia chukudu ili apumue. Namegabe alikuwa ameshatengeneza uso wa ushindi, lakini aliponiona vizuri akauacha.

"Lundi nitaenda," nikamwambia.

"Utaenda."

"Sasa shuka. Nipe mutoto."

Akamtazama Joviale, aliyekuwa akikoroma kidogo, mdomo wazi.

"Mama Joviale, ataamuka."

"Aamuke," nikasema.