Mama Buibui wa Alunguli

Huko Alunguli, mjini Kindu, mwanamke akishazaa hubadilishwa jina. Huyu ni Mama Divine, yule ni Mama Axel, na jina alilopewa na baba yake linabaki kwenye kadi ya uchaguzi tu. Mounira alikuwa na miaka mingi ya ndoa, na bado watu walimwita Mounira, au Fundi, kwa sababu ya cherehani yake. Mimba mbili zilimtoka. Kuku wake walimalizwa na kideri, hata mpapai alioupanda ulinyauka. Basi watu wakasema mkono wake ni mkavu. Watu hawakosi la kusema, na neno likisemwa sana hata msemwa hulikubali. Mounira alikuwa amekwisha kulikubali.

Siku moja mumewe Idrissa alileta mkungu wa ndizi uliotoka Lokandu kwa mtumbwi. Mounira alipokuwa anazikata chana, kitu kidogo kama punje ya mchele kilidondoka juu ya kitenge cha mteja. Kilikuwa na miguu minane yenye manyoya, nacho kikainua ile ya mbele kumtisha. Kadudu kama kale kanamtisha mtu mzima mwenye mkasi mkononi! Mounira alicheka mpaka akaketi, kisha akakifunika kwa kikombe.

"Uwa hiyo," Idrissa alisema. "Hii njo buibui ya mashimo ya pori. Ikikomaa itakuwa mukubwa kama kiganja."

"Basi uniache nione kama itakomaa," Mounira alijibu. "Nataka kujua kama mukono yangu inaweza kukomalisha kitu."

Idrissa alijua maneno hayo yametoka wapi. Alikwenda kumtafutia kopo tupu la mayonezi.

Hakukuwa na mtu wa kumfundisha, kwa maana nani Kindu amewahi kufuga buibui? Alitoboa kifuniko kwa sindano ya moto, matundu membamba kabisa, akatia udongo wa shambani. Mwanzoni aliumwagilia kama mche wa nyanya, na yule mdogo akapanda ukutani mwa kopo akakataa kushuka. Mounira akaelewa, akawa anadondosha tone la maji upande mmoja tu kwa bomba la sindano. Alimpa mchwa mzima, mdogo akamkimbia. Akamkata mchwa vipande kwa mkasi wa nyuzi, na asubuhi akakuta pamebaki ganda tupu. Siku hiyo alishona huku anaimba, na mshono ukanyooka.

Alimwita Mudogo. Mudogo akachimba kishimo, akakitandika utando mweupe mlangoni, akaanza kunenepa.

Christelle, mwenye duka la vitenge aliyetoka Butembo, aliposikia habari hizo alisimama katikati ya wateja wake akapaza sauti: "Mama Buibui, mutoto analala aje?" Wanawake wakacheka. Christelle hakuwa na roho mbaya, ila ulimi wake haukuwa na breki. Mounira alicheka pamoja nao, kisha akarudi nyumbani. Jina la mama lilikuwa limemfikia, na lilikuwa limekuja kwa dhihaka.

Ndipo Mudogo akagoma kula. Tumbo lake liling'aa na kuwa jeusi, akaziba mlango wa shimo, na vipande vya mchwa vikaota ukungu. Mounira akafanya kile ambacho mama yeyote wa Kindu hufanya mtoto akikataa chakula: unaongeza kingine, kikubwa zaidi, kitamu zaidi. Alimtilia panzi hai, mnene, mwenye miguu ya nguvu.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, alifungua kopo. Mudogo alikuwa nje ya shimo, amelala chali juu ya utando wake, kimya. Panzi alikuwa akitembea pembeni yake.

Mounira alichukua kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya mteja, akachukua na kijiko cha kuchimbia. Kwao maiti haicheleweshwi, hata iwe ndogo namna gani. Mlangoni alikuwa ameketi mama yake, Bibi Riziki, anachambua mchele.

"Unalia nini?"

"Mudogo amekufa. Watu wanasema kweli, mama. Mukono yangu iko mukavu."

"Lete nione." Bibi Riziki alisogeza kopo karibu na macho yake, ambayo hayakuwa tena mazuri. "Nani amekuambia huyu ni mufu? Buibui akikufa anakunja miguu kama ngumi. Huyu amenyoosha. Anavua nguo ya zamani tu. Toa panzi haraka, itamukula akiwa hana nguvu. Na yeye usimuguse."

Mounira alichukua kibano chake cha kutolea nyuzi. Panzi alitoka bila kumgusa Mudogo hata unywele.

"Umejua wapi hayo, mama?"

Bibi Riziki aliendelea kuchambua mchele. Habari za vita hakuzipenda mdomoni mwake, na binti yake alizijua kwa vipandevipande tu.

"Wakati tulikimbilia pori, tulilala karibu na mashimo yao. Niliwaona sana. Nilikuwa na kazi gani ingine? Nilikuwa nimekaa na wewe." Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Ulikuwa mutoto mudogo, homa ikakushika. Siku moja ukanyamaza, mwili baridi, macho juu. Wakasema amekufa, tumuzike mbio, askari wako nyuma. Baba yako mwenyewe alichimba shimo. Nikasema hapana. Wakaenda, hata yeye nikamwambia apeleke wengine mbele. Nikabaki na wewe kwa mapaja, na lile shimo pembeni, mpaka ukaomba maji."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Nikuambie nini? Wananiita Mama Mounira. Jina hiyo niliipata mara mbili."

Mounira aliketi chini, akaegemea goti la mama yake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Kitambaa cheupe alikitia mfukoni. Walingoja pamoja, kopo katikati yao, mvua ikapita juu ya mabati na kwenda zake mtoni. Idrissa alirudi, akaona hali ile, akavua viatu na kuketi bila kuuliza.

Kuelekea jioni ganda lilipasuka juu, na Mudogo akaanza kujivuta nje, mguu mmoja baada ya mwingine, kwa taabu kubwa. Alitoka mweupe na laini, na kwa ukubwa alikuwa amemwacha mbali yule wa jana. Pembeni yake lilibaki vazi lake la zamani, miguu yote minane, limekamilika hata kwenye kucha.

"Sasa usimupe kula kwanza," Bibi Riziki alisema. "Meno bado laini."

Mounira alikuwa analia tena, na safari hii hakuona haya. Alijivuna, na alijua kwamba anajivuna: alikuwa amelea kitu, kikakua. Mudogo alipopata nguvu na kurudi shimoni mwake, Mounira alilichomoa lile ganda kwa kibano na kuliweka katika kiganja cha mama yake, ambaye alilipima kwa kidole polepole.

Juma lililofuata Christelle alikuja kuchukua gauni lake. "Mama Buibui," aliita toka barabarani, "nguo yangu imekwisha?"

"Abee," Mounira aliitika, akainuka kutoka kwenye cherehani. "Imekwisha. Lakini ingia kwanza, uone vile mutoto wangu amekuwa mukubwa."